Kaseti Iliyokatwa Masikio

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na ukoo, mbele ya Mungu na mbele ya mbuzi, nawatangazia wasomaji wote kwamba mimi, Ahmednur, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye niliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Kaseti Ziingiazo nyumbani kwa Ayeyo Habibo, Kiwanjani, Isiolo. Nikisema kaseti ni ya kweli, ni ya kweli. Nikisema ni ya uongo, hupewa watoto wakaburute utepe wake barabarani.

Cheo hicho nilikipata kwa sababu nilikuwa na penseli.

Penseli ya shule, yenye pembe sita, huingia sawasawa kwenye tundu la kaseti ukitaka kurudisha utepe uliotoka. Nyumba nzima haikuwa na nyingine. Wengine huchaguliwa kwa hekima yao.

Aliyefungia nyama gazeti la wiki iliyopita nitamhurumia. Hadithi niliiacha nikiwa nimefukuzwa bwenini kwa kuiga sauti ya naibu wa mwalimu mkuu na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba likizo imeanza. Nusu ya shule ilikuwa imeshafika kituo cha basi mwenye sauti alipotoka bafuni. Nyumbani nikasema shule imefungwa kwa kukosa maji. Mwaka ule wa themanini na nne, hakuna mtu wa Isiolo aliyeshangaa kusikia maji yamekosekana popote.

Hayo yalikuwa majivu. Wiki hii nakanyaga moto.

Ayeyo Habibo ni nyanya yangu, mama wa marehemu baba. Mwanawe aliyebaki ni amu yangu Shuriye, ambaye sisi humwita Adeer, kama Wasomali wote wamwitavyo ndugu wa baba. Adeer Shuriye alikuwa Jidda akiendesha lori la maji. Hakupenda kuandika na mama yake hakujua kusoma, kwa hiyo waliongea kwa kaseti. Yeye huzungumza huko upande mmoja, anampa msafiri, msafiri anampa dereva wa Nairobi, dereva anatufikishia. Ayeyo naye huzungumza hapa, na safari inarudi nyuma vivyo hivyo.

Matapeli hawakukosa kujua. Kulikuwa na mwizi mmoja aliyezunguka mji na redio yake akiwachezea akina mama sauti za wana wao, wana wagonjwa, wana waliokamatwa, wana wanaohitaji mbuzi auzwe leo leo. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliuza ngamia wa maziwa kwa ajili ya mwana aliyekuwa amelala salama Mombasa.

Ndipo watu wakaanza kukagua.

Nyuma ya kila kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Sisi huviita masikio. Kaseti yenye masikio bado husikia chochote itakachoambiwa na yeyote. Iliyokatwa masikio inabaki kusema tu lile ililoambiwa na mwenyewe. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mifugo, haikuchukua muda kila ukoo ukawa unakata kaseti zake kama unavyokata mbuzi wake. Mbuzi wetu hukatwa ncha ya sikio la kulia na kupasuliwa kidogo la kushoto. Adeer Shuriye aling'oa masikio yote mawili ya kaseti, kisha akachanja kwa wembe ukingo wa kushoto, mshazari. Ayeyo alipitisha kidole gumba hapo hata kabla ya kuuliza imeletwa na nani.

Hiyo ilikuwa alama ya nje. Ya ndani ilikuwa swali.

Kila Ayeyo alipomaliza kurekodi, alitutoa sote nje. Alijifunika shuka yeye na redio pamoja, akanong'ona swali moja. Kaseti inayofuata kutoka Jidda ilipaswa kuanza na jibu. Hakuna aliyelijua swali ila wao wawili, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kutazama masikio, kusikiliza sauti, kisha kutamka hukumu mbele ya watu. Niliitamka kwa Kiswahili cha redio, mikono nyuma. Nilipendeza sana.

Sasa, Adeer alikuwa na binti, Nurto, aliyemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha ualimu huko Meru. Tulikua naye kwa Ayeyo, tukila chungu kimoja. Mkewe Adeer, Raho, mama yake Nurto, alikuwa Sericho na mbuzi wa nyumba pamoja na watoto wawili wadogo. Na mtu aliyekuwa ameleta posa ya Nurto aliitwa Bile, mwenye lori moja ambalo aliliendesha mwenyewe. Bile alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye harufu ya dizeli hata Ijumaa. Aliahidi kwamba safari yake ijayo ya kushuka Sericho, angewapakia Raho, watoto na mbuzi walio hai, awalete mjini, kwa kuwa visima vya huko vilikuwa vinakauka.

Posa ilingoja neno la baba. Neno halikuja. Mwezi ukaisha, mwingine ukaanza, na wazee wa Kiwanjani wakaanza kusema kwamba baba akinyamaza sana, ukoo humsemea.

Nilimkuta Nurto akiosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Hakunilalamikia. Aliniuliza tu kama chuo humngojea mtu aliyechelewa. Nikasema sijui. Akasema, basi, na akaendelea kuosha.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo walimu wote walikubaliana kwamba ingenifikisha mahali, iliponifikisha nyuma ya kinu cha Kithinji.

Kithinji alikuwa Mmeru mwenye kinu cha kusaga unga, na kinu chake kilinguruma kiasi cha kukutingisha meno. Nilihitaji mngurumo huo. Kaseti za Adeer daima zilikuwa na mashine nyuma yake. Mchana, watu wakiwa wamelala kwa joto, nilichutama ukutani na kaseti mpya na redio ya Ayeyo, nikakohoa mara moja kama Adeer, nikaanza.

Sauti ya Adeer ni rahisi. Iko chini, inatembea polepole, na kabla ya jambo zito inavuta pumzi puani. Ningeweza kuifanya nikiwa usingizini.

Kuhusu swali, sikujua la kusema. Nikasema hivi: "Mama, lile uliloniuliza, jibu lake wewe unalijua kuliko mimi." Nilijipongeza. Jibu hilo lingefaa swali lolote duniani, pamoja na la mtihani wa hesabu.

Kisha nikamwambia Nurto kwamba yeye ndiye kalamu ya nyumba yetu, asiolewe na mtu mpaka awe mwalimu. Nikasema Ahmednur ni kijana mwenye akili, apewe maini kila mnapochinja, tena asisumbuliwe na mambo ya kuchota maji.

Ningeishia hapo leo ningekuwa nawasimulia kichekesho.

Lakini nilifikiri: Ayeyo atauliza kwa nini Bile akataliwe, na mtu mpole hakataliwi bila sababu. Nikavuta pumzi puani. Nikasema kwamba zamani, katika njia ya Mandera, Adeer Shuriye alishikwa na homa, na Bile akamshusha chini ya mgunga, akaenda zake na lori.

Kwa watu wa lori hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ukimwita dereva mwizi, atacheka. Ukisema alimwacha mtu njiani, watoto wake watalisikia wakiwa wazee.

Nilijua. Ndiyo sababu nililichagua.

Nikang'oa masikio, nikachanja ukingo wa kushoto, mshazari. Jioni nikasema kaseti nimepewa na msafiri aliyekuwa na haraka ya kwenda Moyale.

Ayeyo akapitisha kidole gumba. Tukasikiliza, yeye, Nurto, mimi na majirani kadhaa. Lilipofika lile jibu la swali, nilimtazama. Alikunja pindo la nguo yake, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nikasimama, mikono nyuma, nikatamka kwamba kaseti hii nimeikagua na ni ya kweli.

Nurto alilia, ila kilio cha furaha. Aliomba kaseti akae nayo. Kila nilipopita dirishani kwake nilisikia sauti yangu ikimwita kalamu ya nyumba.

Nilikula maini. Sikuchota maji.

Bile alisikia habari msikitini, kama kila mtu. Alikuja kwa Ayeyo akavua viatu mlangoni. Alisema hajawahi kumwacha Shuriye, wala njia ya Mandera hawajawahi kusafiri pamoja. Ayeyo akamjibu kwamba mwanawe hawezi kusema uongo kutoka nchi takatifu. Tena akasema hataki lori lake liende Sericho kwa ajili ya watu wake. Mvua zitanyesha, Raho atarudi kwa miguu yake kama wanawake wa kwetu walivyorudi siku zote.

Bile akavaa viatu.

Mvua hazikunyesha.

Aliyetuletea habari alikuwa Arero, Mborana, tanboi, yaani utingo, wa lori la Bile, aliyekuwa amechukua likizo fupi na kupata lifti kutoka upande ule. Alisema Sericho watu wanahama. Kisima walichotegemea kimebaki tope. Wenye miguu wameondoka, lakini mama Nurto hakuondoka, kwa sababu mtoto wake mdogo ana homa na hawezi kubebwa kwenye jua lile. Amebaki na watoto, na mbuzi wengi wamelala hawainuki. Arero alisema maneno hayo akitazama chini, kisha akakataa chai.

Ayeyo alianza kutafuta ushungi wake mahali ambapo haukuwapo.

Kesho yake asubuhi Bile akafika na lori tupu. Alikuwa ametoka Nairobi, na mkononi alikuwa na kaseti iliyofungwa kwa kitambaa. Alisema amepewa Eastleigh na mtu aliyetoka Jidda, hajaifungua wala kuisikiliza, anataka ikaguliwe kwa sheria, mbele ya majirani walewale waliosikia ile ya kwanza. Kama Shuriye kweli alimtukana, atalisikia tusi hilo kwa masikio yake, aondoke. Kama hakumtukana, lori hili liko hapo nje, halina mzigo, linaelekea Sericho.

Majirani wakaitwa, na wote wakanigeukia.

Nikaifungua. Masikio yote mawili hayapo. Ukingo wa kushoto, mshazari, safi, mkono wa mtu aliyekata mbuzi tangu utotoni. Nikailinganisha na mchanjo wangu akilini, nao wangu ulikuwa kama wa mtu anayefungua mkebe.

Nikabonyeza.

"Mama," akasema Adeer, "ile tende uliyonifungia kwenye leso sikuila. Niliipanda kwenye mkebe hapa kambini. Imetoa jani."

Ayeyo akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo.

Sauti ikaendelea. Alisema amechelewa kwa sababu aliugua. Amesikia habari za ukame, na Raho asikae Sericho hata siku moja zaidi, kwani Bile, aliye kama ndugu kwake, ana lori, na Bile hamtupi mtu. Kuhusu Nurto, alisema, amesikia posa, naye anaikubali, ila binti asome kwanza. Anamtumia Bile salamu angoje mpaka chuo kiishe, na anamjua Bile, atangoja.

Naomba msome hapo mara ya pili, kama nilivyosikia mimi mara ya pili katika kichwa changu. Binti asome kwanza. Yote niliyoyaghushi nyuma ya kinu yalikuwa njiani yanakuja yenyewe, na hayakuhitaji kumtukana mtu.

Utepe ukafika mwisho, kitufe kikaruka. Majirani wakangoja hukumu.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nililijua. Lakini kama kaseti hii ni ya kweli, basi ile ya kwanza ni ya nani? Nani aliyeileta? Nani aliyeikagua? Nani aliyekula maini?

Nilimwona Nurto. Alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliye na baba wawili na hajui amshike yupi.

Nikasimama, mikono nyuma.

Nikasema masikio yamekatwa na mkono mgeni. Nikasema sauti inafanana, lakini pumzi si ya Adeer. Nikasema, kwa huzuni ya hakimu, kwamba inafaa watu wajiulize kaseti inayomsifu Bile imeletwa na nani.

Bile alinitazama muda mrefu, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Sawa," akasema. "Mimi nilisema ikaguliwe. Imekaguliwa."

Akatoka. Majirani wakatoka nyuma yake, wengine wakikwepa kumgusa.

Nikakusanya penseli yangu. Ayeyo akaniambia niketi. Akamtuma Nurto dukani kwa sukari, nasi sukari tulikuwa nayo, akafunga mlango.

"Wewe kijana. Mimi niliuliza nini?"

Nikajifanya sijaelewa. Akarudia, bila kupandisha sauti. Swali alilomuuliza mwanawe chini ya shuka lilikuwa nini?

Nikasema alituuliza sote tutoke, ningejuaje.

"Nilimuuliza kama tende alikula. Tende moja. Nilimpa uwanja wa ndege, watu hawakuona." Akaongeza: "Hiyo kaseti ya kwanza haikusema tende."

Nikamwambia labda Adeer alisahau.

"Ndiyo nilijiambia hivyo. Labda amesahau." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake. "Mimi nilijua haijajibu, Ahmednur. Nilijua siku ile. Lakini ilisema Nurto haendi kwa mume, na mimi macho yangu yamekwisha, nani atanishika mkono? Nikapenda hiyo maneno. Nikanyamaza."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Nilichofanya ni kuona mwanya. Nikasema, kwa upole, kwamba basi sote wawili tuna makosa, na pengine si lazima mtu wa tatu ajue.

Hakunipiga. Aliinama akachukua viatu vyake.

"Raho ako Sericho na mtoto mgonjwa," akasema. "Inuka."

Jua lilikuwa utosini. Ayeyo hakuwa ametembea mpaka barabara kuu tangu mfungo. Alinishika juu ya kiwiko, na watu waliotuona walidhani namwongoza. Nurto alitukuta njiani na sukari mkononi, akauliza kuna nini, akatufuata.

Lori la Bile lilikuwa limesimama mbele ya ghala la mahindi ya msaada. Halikuwa tupu tena. Magunia yalikuwa yamepanda mpaka juu, na Arero alikuwa juu yake akifunga turubai. Mara tu alipotoka kwetu, Bile alikuwa amekwenda kuomba mzigo wowote, wa kwenda popote ambako si Sericho, akapewa wa Biliqo.

Ayeyo akanisukuma mbele. Nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo, kinu, kaseti, njia ya Mandera, maini, hukumu ya asubuhi. Hata shule nilisema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Bile alisikiliza akiwa ameshika mlango wa lori. Kisha akamgeukia Ayeyo, akamwambia kwa heshima kwamba anaelewa. Mama ana mkwe na wajukuu jangwani, mama anataka lori, kwa hiyo mama amemfundisha mtoto hadithi ya kusema. Asubuhi mtoto huyu aliapa hivi, mchana anaapa vile. Yeye ataamini lipi, na kwa alama gani?

Nilikuwa nimesahau kwamba ukweli nao unahitaji alama. Wangu ulikuwa na masikio mazima.

"Kama ni wewe," Bile akaniambia, "iseme sasa. Hapa. Kwa sauti ya Shuriye."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika: wapakizi wa ghala, wauza miraa, mwanamke mmoja aliyekuja na gunia tupu. Nikamwomba Bile twende kando. Akasema kaseti ilichezwa mbele ya watu.

Nikafumba macho. Nikakohoa mara moja. Nikavuta pumzi puani.

"Nilishikwa na homa njia ya Mandera," nikasema, polepole, chini, "na Bile akanishusha chini ya mgunga, akaenda zake na lori."

Ilitoka vizuri. Ndilo linaloniuma zaidi. Ilitoka vizuri kuliko nyuma ya kinu.

Nilipofumbua macho, Bile alikuwa ameegemea mlango wa lori. Mikono ya Arero ilikuwa imesimama juu ya kamba. Nyuma yangu kitu kilianguka, na sukari ikamwagika vumbini.

"Na ile ya kalamu?" Nurto akauliza. "Kalamu ya nyumba?"

Nikasema ni mimi.

"Hiyo pia."

"Hiyo pia."

Hakuinama kuokota sukari. Alisema neno moja tu, kwa sauti ndogo, kwamba ile ya kweli aliisikia mara moja, kisha mimi nikaihukumu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikujaribu kujitetea.

Ayeyo akamsogelea Bile. Hakumwomba msamaha kwa ajili yangu, aliuomba kwa ajili yake mwenyewe, akamweleza habari ya tende mbele ya wapakizi wote. Bile akamshika mikono asipige magoti. Akasema yamekwisha, mama, mimi nimesikia.

Nikapumua. Nikauliza, basi tunaondoka saa ngapi kwenda Sericho?

Bile akanitazama kama vile alikuwa amenisahau.

"Asubuhi lori lilikuwa tupu," akasema. Akapiga gunia kwa kiganja. "Hii nimeweka sahihi kwa mkuu wa ghala. Ni ya watu wa Biliqo. Wiki ya tatu hawajapata kitu. Kwenda Biliqo na kurudi, halafu Sericho, mtoto wa Raho atangoja? Nikipeleka Sericho kwanza, Biliqo watangoja? Lori lingine mji huu hakuna lenye magurudumu ya njia hiyo."

Ayeyo akagusa gunia lililokuwa karibu naye, akaondoa mkono.

"Wewe ndiye mkaguzi," Bile akaniambia. "Nyumba yote inangoja neno lako. Watu wote hawa pia. Sema basi. Lori hili liende wapi?"

Hakuwa ananidhihaki. Ningeshukuru kama angekuwa ananidhihaki.

Nilimfikiria Raho, aliyenilea baba yangu alipokufa, akinyoosha nguo juu ya mtoto ili jua lisimpige. Sikuwa na sauti ya mtu mwingine ya kujificha ndani yake.

"Sericho," nikasema.

Kamba ikaanguka kutoka juu ya magunia. Arero akashuka taratibu, gurudumu, kisha chini, akaja akasimama mbele yangu. Tulikuwa karibu rika moja. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi la mahindi.

"Mama yangu ako Biliqo," akasema.